Hasira nyuma ya usukani: Teknolojia inavyoweza kumtuliza mzazi barabarani

Wahenga walisema hasira hasara, na barabarani hasara hiyo huja upesi kuliko mahali pengi. Asubuhi ya siku ya shule jijini Dar es Salaam, foleni ya kutoka Mbezi kuelekea Ubungo haijali kwamba mtoto anatakiwa kuwa darasani baada ya nusu saa. Bajaji inachomekea, bodaboda inagusa kioo cha pembeni na kutokomea, daladala inasimama katikati ya njia kupakia abiria, na gari la nyuma linapiga honi kana kwamba aliye mbele ndiye aliyeileta foleni.

Hapo ndipo mzazi mpole, ambaye kazini hajawahi kumpandishia mtu sauti, anapojikuta ameshusha kioo na kutoa maneno ambayo asingependa mwanawe ayarudie mbele ya mwalimu. Wengine hawaishii kwenye maneno. Hulifukuza gari lililowakosea, hulipita na kufunga breki mbele yake kwa makusudi, au hushuka kabisa na kuacha watoto ndani.

Kwa miaka kadhaa sasa watafiti na watengenezaji wa magari wamekuwa wakitafuta namna ya kuifanya mashine imsaidie dereva kabla hajafika huko. Kuna vilivyofanikiwa, kuna ambavyo bado ni maonyesho tu, na kuna vitu rahisi ambavyo mzazi tayari anavyo mfukoni bila kujua matumizi yake.

Hatari yake ni kubwa kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa wanaopelekwa shule asubuhi na wa wanaoanza kujifunza kuendesha.

Si ajali zote zinatokana na hasira. Lakini mwaka 2016, watafiti wa taasisi ya usafiri ya Virginia Tech nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti ambao magari ya madereva zaidi ya 3,500 yaliwekewa kamera na vihisi, yakafuatiliwa katika safari za kawaida za kila siku. Waligundua kuwa dereva anayeonekana wazi kuwa na hasira, huzuni, kilio au fadhaa huongeza hatari ya kupata ajali karibu mara kumi, akilinganishwa na dereva mtulivu.

Sababu yake iko mwilini. Mtu akikasirika, homoni ya adrenalini humwagika kwenye damu, moyo huenda mbio, misuli ya mikono na shingo hukaza, na pumzi huwa fupi. Ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Tatizo ni kwamba aliyekaa kwenye kiti cha gari hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili. Nguvu yote hiyo inaishia kwenye kanyagio la mafuta, na macho yake yanamganda yule aliyemkosea huku yakiacha kumwona mtoto anayevuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu.

Profesa Jerry Deffenbacher wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, pamoja na wenzake, walitengeneza mwaka 1994 kipimo cha hasira ya udereva ambacho bado kinatumiwa na watafiti wengi. Kipimo hicho kinagawa vichochezi katika mafungu sita: ishara za matusi, uvunjaji wa sheria, uwepo wa polisi, madereva wanaokwenda polepole, kukosewa adabu na vizuizi vya barabarani. Mzazi akiyapitia mafungu hayo kwa utulivu ataona kwamba si yote yanamgusa sawasawa. Kuna anayevumilia foleni ya saa mbili lakini hawezi kustahimili kuchomekewa. Kujua kichochezi chako ni hatua ya kwanza, kwa sababu hakuna kifaa kinachoweza kukukinga na kitu usichokijua.

Anayejifunza yuko kiti cha nyuma

Kwa mzazi, suala hili lina upande wa pili. Mwaka 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga mwanasesere kubwa la kujaza hewa. Watoto walioona kitendo hicho, walipoachwa peke yao na mwanasesere, walikuwa wepesi wa kumpiga na hata kurudia maneno waliyoyasikia, kuliko ambao hawakuona.

Gari la familia ni darasa la namna hiyo. Mtoto amefungwa mkanda, hana pa kwenda, na mbele yake kuna mtu anayempenda kuliko wote akionyesha namna mtu mzima anavyomtendea aliyemkosea. Anayasikia maneno "mjinga huyu" na "nitamwonyesha" mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Miaka kumi na tano baadaye atapewa ufunguo wa gari, au wa bodaboda, na atakuwa na mtaala mzima kichwani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayo yanaendelea hata kwenye foleni ya Tazara.

Magari yanayomsoma dereva

Watengenezaji wakubwa wameanza kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2011, kampuni ya Ford ilionyesha kiti chenye vihisi vya kupima mapigo ya moyo ya dereva kupitia nguo zake, kilichobuniwa kwa kushirikiana na chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani. Mwaka 2019, kwenye maonyesho ya teknolojia ya Las Vegas, Kia ilionyesha mfumo unaosoma uso wa dereva kwa kamera na kupima mapigo yake ya moyo, kisha kubadili mwanga, muziki na hata harufu ndani ya gari ili kumtuliza.

Kampuni ya Affectiva, iliyoanzishwa mwaka 2009 na wanasayansi wawili wanawake kutoka maabara ya MIT, Rana el Kaliouby na Rosalind Picard, ilijikita katika kufundisha akili mnemba kutambua hisia kwa kutazama uso na kusikiliza sauti, na mwaka 2018 ikaleta mfumo maalumu kwa ajili ya magari.

Barani Ulaya, sheria imekwenda mbele. Tangu Julai 2024, magari mapya yanayouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya yanatakiwa kuwa na mfumo wa kumwonya dereva anaposinzia. Mfumo huo hautazami hasira, lakini unazoesha watu wazo kwamba gari linaweza kumwangalia anayeliendesha na kumkumbusha. Sheria hiyo imeweka sharti pia kwamba taarifa hizo zibaki ndani ya mfumo wenyewe, zisipewe mtu mwingine.

Wazo linalovutia zaidi huenda ni lile la kiti kinachofundisha kupumua. Mwaka 2018, Pablo Paredes na wenzake wa Stanford walichapisha utafiti kuhusu kiti chenye vifaa vidogo vinavyotetemeka mgongoni mwa dereva. Mtetemo hupanda taratibu, dereva akavuta pumzi, hushuka, akaitoa. Washiriki walifanikiwa kupunguza kasi ya kupumua huku wakiendesha, bila kuondoa macho barabarani. Hapo ndipo ubora wake ulipo, maana mgongo haukuwa na kazi nyingine.

Mbona uso wa mtu ni kitabu kigumu?

Kabla ya kuzisifu mashine hizi mno, ipo tahadhari. Mwaka 2019, jopo la wanasayansi likiongozwa na mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett lilipitia tafiti nyingi kuhusu sura na hisia. Hitimisho lao lilikuwa kwamba uso peke yake si ushahidi wa kuaminika wa kilicho moyoni. Watu wenye hasira hukunja uso mara chache kuliko inavyodhaniwa, na wengi wanaokunja uso hawana hasira. Wanafikiri tu, au jua linawapiga machoni.

Yeyote aliyeishi na mzazi mkimya anajua hilo. Kuna mtu ambaye akiwa na hasira sura yake haibadiliki hata kidogo, ila vidole vinaubana usukani. Kamera haitamwona, lakini mkewe na watoto watamjua mara moja.

Kwetu, simu ndiyo kifaa

Magari mengi ya familia nchini ni ya mtumba kutoka Japani, na kiti cha kupumua hakimo. Lakini simujanja imo. Kwa bahati mbaya, simu hiyo hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha kumchanganya dereva, hivyo kanuni ya kwanza ni kuipa kazi kabla gari halijaondoka, si likiwa kwenye mwendo. Gari lililo katika kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anayetazama skrini kwa sekunde mbili amekwenda mita 28 akiwa kipofu.

Hata kuongea na simu kwa amri ya sauti kuna gharama yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha mwaka 2015 kuwa akili ya dereva inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi sawasawa barabarani baada ya kutumia baadhi ya mifumo hiyo.

Yapo matumizi yanayofaa. Ramani ya simu, kwa mfano, humwezesha mtu kuandika saa anayotaka kufika na kuona atahitaji kuondoka saa ngapi. Mzazi akifanya hivyo Jumapili jioni, anaweza kugundua kuwa kuondoka dakika 20 mapema kunampunguzia foleni kwa kiasi kikubwa. Hasira nyingi za asubuhi huanzia kitandani, wala si barabarani.

Hesabu ndogo inasaidia pia. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa huchukua dakika 12. Ukikimbia kwa 60, ni dakika 10. Ubishi wote, honi zote na hatari yote hiyo hununua dakika mbili, nazo huishia kwenye taa nyekundu inayofuata.

Kichochezi kingine ni simu za "umefika wapi?" Mwenzi anapiga, mwalimu anapiga, bosi anapiga. WhatsApp ina uwezo wa kuonyesha mahali mtu alipo moja kwa moja kwa dakika 15, saa moja au saa 8. Mzazi akiituma kabla ya kuondoka, wanaomsubiri wanamwona akisogea na hawana sababu ya kupiga. Tangu mwaka 2017 simu za iPhone zina mpangilio wa kuzima taarifa wakati wa kuendesha na kumjibu anayeandika kwamba mhusika yuko barabarani. Simu nyingi za Android nazo zina kitu kama hicho.

Muziki nao una sehemu yake. Warren Brodsky wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, aliwapima madereva kwenye kifaa cha kuigiza udereva na kukuta kuwa muziki wa mapigo ya kasi ulienda pamoja na mwendo mkubwa na makosa zaidi, yakiwamo ya kupita taa nyekundu. Orodha ya nyimbo za taratibu iliyoandaliwa nyumbani, iwe taarab, kwaya, kaswida au rumba la zamani, ni dawa isiyo na gharama.

Wenye saa janja wanaweza kutumia mazoezi ya pumzi yaliyomo. Dakika mbili kabla ya kuwasha gari, na dakika mbili baada ya kulizima kabla ya kuingia ndani ya nyumba, zinatosha kuanzia. Lengo ni pumzi kama sita kwa dakika, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Asiye na saa anaweza kuhesabu kimoyomoyo: nne za kuvuta, sita za kutoa.

Wapo wanaoamini kwamba kupiga kelele na kugonga usukani "huitoa" hasira. Utafiti unasema kinyume. Mwaka 2024, Sophie Kjærvik na Brad Bushman walichambua tafiti 154 na kukuta kuwa kinachopunguza hasira ni kuushusha mwili, kwa pumzi, utulivu au kutafakari. Kuimwaga hasira hakukuonekana kusaidia.

Somo kutoka matatu za Kenya

Afrika Mashariki ina uzoefu wake, na unafundisha kuliko maonyesho ya Las Vegas. Nchini Kenya, maprofesa James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu zikiwahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha vibaya. Katika jaribio la kwanza, lililoanza mwaka 2008, madai ya bima yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Katika jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015 na kujulikana kwa jina la Zusha!, yalishuka kwa kati ya asilimia 25 na 33.

Jaribio jingine lilifanyika Nairobi kwa kutumia teknolojia ya kisasa zaidi. Matatu 255 zilifungwa vifaa vya kufuatilia, na baadhi ya wamiliki wakapewa programu ya simu inayoonyesha gari liko wapi, linakwenda kasi gani na linafungaje breki. Wamiliki walinufaika kibiashara, lakini usalama haukuimarika kwa sababu tu mwenye gari alikuwa anaona. Mabadiliko ya udereva yalionekana pale madereva walipopewa motisha ya fedha ili waendeshe vizuri.

Ukiyaweka majaribio hayo mawili pamoja, unaona jambo moja. Karatasi ya stika ilifanya kazi kwa kuwa ilimpa sauti aliyekuwa ndani ya gari, anayebeba hatari. Kifaa cha gharama kilikusanya taarifa, lakini hakuna aliyekuwa amekubaliana na dereva nini kifuate. Hapa Tanzania, Latra hufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa mfumo wa VTS, na mfumo huo una nguvu kwa sababu nyuma yake kuna onyo na adhabu. Kwenye gari la familia hakuna mkaguzi. Makubaliano lazima yatoke nyumbani.

Kamera isigeuke silaha

Kamera ndogo za kwenye kioo cha mbele zinazidi kuonekana nchini. Umuhimu wake ulidhihirika Japani. Juni 2017, kwenye barabara kuu ya Tomei, dereva aliyekemewa kwa namna alivyoegesha gari alilifukuza gari la familia, akalilazimisha kusimama kwenye njia ya magari yaendayo kasi. Lori likaligonga. Baba na mama walikufa mbele ya binti zao wawili. Mauzo ya kamera za magari yalipanda sana baada ya tukio hilo, na mwaka 2020 Japani ikaandika sheria mahususi dhidi ya udereva wa vitisho, yenye kifungo cha hadi miaka mitano pale hatari inapokuwa kubwa.

Kamera humsaidia mtu kuacha ugomvi: ushahidi upo, hakuna haja ya kumfukuza mtu. Ila ikitumika kumtafutia mwingine aibu mtandaoni, inageuka kuni za moto uleule. Faida yake iliyofichika ni kumtazama mwenye gari. Mzazi akikaa jioni moja na kusikiliza sauti yake mwenyewe ya asubuhi ndani ya gari, huenda asihitaji mhadhara mwingine.

Anza na haya

1. Tambua kichochezi chako kikuu kimoja. Kiandike kwenye simu baada ya safari, pamoja na alama ya hasira kuanzia 0 hadi 10. Wiki mbili zinatosha kuona mwelekeo.

2. Panga kila kitu gari likiwa limesimama: ramani, muziki, mahali ulipo, kuzima taarifa. Kisha simu ikae mahali mkono haufiki.

3. Kubalianeni neno la familia. Mtoto akisema "breki" au "maji", dereva anajua kuwa amevuka mpaka, na hajibu kwa ukali. Hiyo ndiyo stika ya matatu, imeletwa nyumbani.

4. Ukikosewa, ongeza nafasi kati yako na aliyekukosea. Usimtazame machoni, usimmulikie taa, usishuke. Akikufuata, usiende nyumbani. Nenda kituo cha polisi au kituo cha mafuta chenye watu.

5. Ukishindwa kutulia, tafuta mahali salama pa kuegesha. Dakika tano za kuchelewa shuleni zina maelezo.

6. Ukikosea mbele ya mtoto, mwambie. "Baba alikasirika, maneno yale hayakuwa sahihi" ni sentensi fupi inayofuta somo baya na kuandika zuri.

Hasira isipokuwa ya barabarani

Kuna wakati kumbukumbu za simu zitaonyesha kitu kingine. Alama ziko juu kila siku ya Ijumaa, au tangu mwenzi alipopoteza kazi, au tangu usingizi ulipopungua. Barabara inakuwa tu mahali ambapo mzigo wa nyumbani, wa madeni au wa kazini unapata mlango wa kutokea, kwa kuwa dereva wa bajaji ni mgeni na hawezi kurudisha.

Hapo hakuna programu itakayotosha. Mazungumzo na mwenzi, na kiongozi wa dini anayeaminika, au na mshauri wa saikolojia katika hospitali yatafaa zaidi kuliko saa ya bei ghali. Hali kadhalika kwa mtu ambaye hasira yake imeshamfikisha kupigana, au ambaye watoto wake wameanza kukataa kupanda gari analoendesha. Mtoto anayesema anapendelea daladala hamaanishi nauli.

Teknolojia inaweza kukumbusha, kupima, kuonya na kupunguza vichochezi. Inaweza kumpa mzazi zile sekunde chache kati ya kukosewa na kujibu. Zikishapatikana, kinachofanyika ndani yake kinabaki kuwa uamuzi wa aliyeshika usukani, na watoto waliofungwa mikanda nyuma wanautazama.